Kabla hujasema mtoto hasikii

MSOMAJI mpendwa, katika lugha yetu neno "kusikia" lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya sikio: sauti inatoka hapa, inafika pale. Kazi ya pili ni ya tabia. Tunaposema "mtoto huyu hasikii", mara nyingi hatuna maana kwamba masikio yake yana kasoro. Tuna maana kwamba ni mtukutu, haonyeki, na ana kichwa kigumu. Wazee walituachia methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wengi wetu tulitajiwa methali hiyo muda mfupi kabla ya kutandikwa.

Kwa hivyo si ajabu kwamba katika nyumba nyingi, mtoto mwenye tatizo halisi la kusikia huadhibiwa kwa miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kufikiria kumpeleka apimwe. Anaitwa mara tatu akiwa sebuleni, haitiki. Anatumwa dukani kununua unga, sabuni na kiberiti, anarudi na unga peke yake. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba hasikilizi darasani. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu tangu mwaka wa 2001, lakini nyumbani mwiko na mshipi bado vipo. Mtoto anapigwa kwa kosa asilolifahamu, na polepole anaanza kuamini kwamba yeye ni mjinga.

Jumapili hii ningependa tuzungumze juu ya mtoto huyo, na pia juu ya nyanya yake, juu ya jirani aliye kiziwi, na juu yetu sisi tunaozungumza nao kila siku bila kujua namna ya kuzungumza.

Si wote ni sawa

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu zaidi ya watu 153,000 wenye umri wa miaka mitano na zaidi nchini Kenya ambao wana ulemavu wa kusikia. Duniani, Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka wa 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji msaada kwa sababu ya kupoteza uwezo wa kusikia. Lakini watu hawa hawafanani, na kosa letu la kwanza ni kuwatia wote katika kapu moja.

Kuna viziwi, hasa wale waliozaliwa hivyo au waliopoteza uwezo wa kusikia wakiwa wadogo. Wengi wao hutumia lugha ya ishara, na hiyo ndiyo lugha yao, kama vile mimi na wewe tunavyotumia Kiswahili.

Kuna wale wanaosikia kidogo. Hapa utawakuta wazee, waliougua homa ya uti wa mgongo au surua, walioharibiwa masikio na baadhi ya dawa kali kama streptomycin na gentamicin, na watoto waliotokwa na usaha sikioni kwa muda mrefu bila kutibiwa. Wengine hutumia vifaa vya kusaidia kusikia. Kumbuka tu kwamba kifaa cha sikioni si sawa na miwani. Hukuza sauti yako, lakini pia hukuza sauti ya sufuria, ya redio na ya pikipiki inayopita nje.

Kundi la tatu ndilo lisilojulikana sana. Hawa masikio yao ni mazima. Sauti huingia vizuri, lakini ubongo hupata shida kuichambua, hasa panapokuwa na kelele au mtu anapozungumza kwa haraka. Mtoto wa aina hii akipelekwa hospitalini na kupimwa kwa milio katika chumba kimya, hupita bila tatizo. Mzazi hurudi nyumbani akiwa na hasira zaidi: "Daktari amesema masikio yako ni mazima, kumbe ni ujeuri tu!" Kumbe sivyo. Maisha yake hayapiti katika chumba kimya. Yanapita katika darasa lililojaa watoto, na katika nyumba ambamo televisheni, redio na mashine ya kuoshea nguo hushindana. Vipimo vya kuchunguza tatizo hili hufanywa hasa kwa watoto wa kuanzia umri wa miaka saba hivi, kwa sababu walio wadogo zaidi hawawezi kuvimudu.

Sita au tisa?

Labda utauliza: mbona mtu asikie sauti yangu lakini asielewe neno? Tuchukue mfano kutoka kwa Kiswahili chenyewe.

Tamka neno "sita". Sasa tamka "tisa". Irabu ni zile zile, i na a. Konsonanti pia ni zile zile, s na t. Zimebadilishana viti tu. Sasa, katika usemi wa binadamu, nguvu nyingi za sauti zimo katika irabu. Konsonanti kama s, f, sh na th ni nyembamba na dhaifu, na ndizo za kwanza kupotea mtu anapozeeka au anapoharibikiwa na sikio la ndani. Mzee anachosikia ni "i" na "a". Yanayobaki ni ya kukisia.

Fikiria basi nyanya anaambiwa na muuguzi kwamba tembe za mchana azimeze saa sita. Au mwenye duka anamwambia bei ni shilingi sitini, naye anasikia tisini, kisha anaambiwa mbele ya watu kwamba amezeeka vibaya. Neno moja dogo, na mtu mzima anavunjiwa heshima.

Wengi wetu hapo hufanya kosa la pili: tunapiga kelele. Kupiga kelele hukuza zile irabu ambazo tayari zilikuwa zinasikika. Konsonanti hazipati faida kubwa, na midomo nayo hupindika hata isisomeke. Isitoshe, sikio lililoharibika ndani huweza kuumizwa na sauti kubwa upesi kuliko sikio zima. Ndiyo maana babu husema "sikusikii", nawe unapopaza sauti anakujibu, "Usinipigie kelele!" Si kwamba amekuwa mgumu. Yote mawili ni kweli.

Dawa yake ni kusema kwa sauti ya kawaida, polepole kidogo, na asipoelewa mara ya pili ubadilishe maneno. Usirudie "saa sita, saa sita, saa sita". Sema, "Saa sita, wakati wa chakula cha mchana." Au onyesha kwa vidole. Au uandike kwenye karatasi au kwenye simu. Tarehe, bei, vipimo vya dawa na namba za gari ni vitu visivyofaa kuachiwa sikio peke yake.

Wengine hufikiri kwamba mtu asiyesikia vyema anaweza kusoma midomo na mambo yakaisha. Jaribu leo mbele ya kioo. Sema bila kutoa sauti "mama", halafu "baba", halafu "papa". Utaona kwamba midomo haitofautiani hata chembe. "Pata" na "bata" ni hivyo hivyo. Sauti kama k na g hutengenezwa nyuma ya kinywa, mahali jicho halifiki. Anayesoma midomo kwa kweli hukisia, na hukisia vizuri akijua mazungumzo yanahusu nini. Kwa hivyo taja jambo kwanza: "Nataka tuzungumze kuhusu karo." Ukibadilisha mada, mwambie. Na usiufunike mdomo kwa mkono au kwa kikombe. Wakati wa ugonjwa wa Covid-19 mwaka wa 2020, barakoa zilipofunika midomo ya watu wote, ndipo wengi walipogundua ni kwa kiasi gani walikuwa wakitegemea kuona ili kusikia.

Nyumbani

Kuna familia moja ninayoifahamu, ambayo nyanya wa nyumba hiyo alianza kujitenga. Wageni wakija, alikuwa akisalimu na kurudi chumbani. Watu wakasema uzee umemwingia akilini. Siku moja watoto wake walikutana sebuleni kujadili shamba lake. Walizungumza wakiwa sita, mmoja akimkatiza mwingine, televisheni ikiendelea. Mwishoni kijana mkubwa akamgeukia na kuuliza, "Mama, umesikia? Unakubali?" Akatikisa kichwa kukubali. Majuma kadhaa baadaye, alipoletewa karatasi atie kidole gumba, alilia. Hakuwa amejua kwamba shamba lilikuwa linauzwa. Alidhani walikuwa wakijadili uzio.

Kwa nini alitikisa kichwa? Kwa sababu alikuwa amechoka kusema "nini?". Mtu akiuliza "nini?" mara tatu huona nyuso zikikunjamana, na mara ya nne hujifunza kutabasamu na kukubali. Hii ndiyo sababu swali "Umesikia?" halina maana. Uliza badala yake, "Umeelewa vipi?" au "Tumesema tutafanya nini?" Akikujibu kwa maneno yake mwenyewe, ndipo utajua.

Mambo mengine ya nyumbani hayahitaji hata senti moja. Punguza televisheni au uizime kabisa kabla ya kuzungumza. Mwite mtu kwa jina na ungojee akuangalie, ndipo uanze. Usizungumze ukiwa jikoni naye yuko chumbani. Kila umbali kati yenu unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa kiasi cha desibeli sita, kwa hivyo hatua chache za kumkaribia hufaa kuliko kupaza sauti. Usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo, kwa maana uso wako utakuwa giza. Mezani, mmoja azungumze kwa wakati.

Na kuna maneno mawili ambayo ningependa yafukuzwe katika kila nyumba. Watu wanacheka, nyanya anauliza mnacheka nini, naye anajibiwa, "Si muhimu." Kwako ni mzaha mdogo. Kwake ni mlango uliofungwa usoni. Mweleze mzaha huo, hata kama kwa kuelezwa unapoteza ladha.

Jambo hili si la adabu peke yake. Tume ya wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet ilitaja, katika ripoti yake ya mwaka wa 2020, kwamba kupoteza uwezo wa kusikia katika umri wa makamo ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, na kwamba ni jambo linaloweza kushughulikiwa. Kabla ya kusema nyanya amepoteza akili, mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo. Wakati mwingine hukutwa ni nta tu iliyoziba sikio, na tatizo huisha siku hiyo hiyo.

Shuleni

Wewe uliyesoma chini ya paa la mabati unajua kinachotokea mvua kubwa ikinyesha. Mwalimu husema, hakuna asikiaye, na mwishowe huandika ubaoni au huwaambia wanafunzi wasome kimyakimya. Sasa fikiria mtoto ambaye kwake mvua hiyo hunyesha kila siku, hata jua likiwaka, na mwalimu haachi kusema wala haandiki.

Mtoto huyu akae mahali anapouona uso wa mwalimu, mbali na dirisha linaloelekea barabarani na mbali na mlango. Mwalimu asizungumze akiwa ameelekea ubao. Aandike, ageuke, ndipo aseme. Maagizo yatolewe moja moja. "Fungueni kitabu ukurasa wa 40, mfanye zoezi la pili lakini mruke swali la tano, kisha mniletee" ni maagizo manne, na mtoto mwenye shida ya kuchambua sauti hubaki na la kwanza au la mwisho. Kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni. Mwanafunzi wa nyuma akijibu swali, mwalimu alirudie jibu hilo. Rafiki mmoja akubali kumwonyesha daftari lake.

Hakuna lolote kati ya hayo linalowadhuru wengine. Darasa lote hufaidika.

Mzazi, jua pia kwamba kusikiliza kwa nguvu huchosha. Mtoto akifika nyumbani jioni akiwa na hasira, au akilala kabla ya kula, huenda ametumia siku nzima kukamata maneno yanayomponyoka. Mpe nusu saa ya utulivu kabla ya kumhoji kuhusu shule.

Dalili za kuangalia ni hizi: mtoto mchanga asiyeshtuka mlango ukibamizwa, wa mwaka mmoja na nusu ambaye hajasema neno lolote, anayeongeza sauti ya televisheni kila mara, anayekutazama mdomo badala ya macho, anayejibu swali ambalo hukuuliza, na anayetokwa na usaha sikioni. Usimtie mafuta, wala njiti ya kiberiti, wala pamba. Mpeleke hospitalini. WHO inasema kwamba karibu asilimia 60 ya visa vya watoto kupoteza uwezo wa kusikia vinatokana na sababu zinazoweza kuepukwa.

Serikali ilianza kuweka vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu mwaka wa 1984, navyo hujulikana kwa kifupi kama EARC. Uliza katika ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Hapa Nairobi, Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoanzishwa mwaka wa 1986, iko Kasarani.

Jirani aliye kiziwi

Kwanza, neno "bubu" tuliache. Kiziwi ana sauti, na ana lugha. Lugha ya Ishara ya Kenya si kupungapunga mikono. Ina sarufi yake, na haifanani na ya Uganda au Tanzania. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inaitaja katika Ibara ya 7 miongoni mwa lugha ambazo Serikali inapaswa kuziendeleza, na Ibara ya 120 inaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine inayomfaa.

Haki iliyoandikwa vitabuni lakini haifiki kwenye foleni ya hospitali haimfai mtu. Kiziwi hufika alfajiri, huketi kwenye benchi, na jina lake huitwa kwa sauti kutoka mlangoni. Haitiki, anarukwa. Anaitwa tena, anarukwa tena. Saa kumi jioni anaambiwa kliniki imefungwa, arudi kesho. Ukiwa karani au muuguzi, weka alama kwenye kadi yake na umfuate alipoketi. Ukiwa mgonjwa mwenzake kwenye benchi hilo, mguse begani kwa upole jina lake likiitwa.

Ndani kwa daktari kuna jambo zito zaidi. Mara nyingi mgonjwa kiziwi huambiwa aje na jamaa wa kumtafsiria. Wakati mwingine jamaa huyo ni mtoto wake wa miaka kumi. Je, ungependa mwanao akutafsirie matokeo ya kipimo cha Ukimwi, au habari za mimba iliyoharibika? Mkalimani aliyefunzwa huweka siri. Jirani au mtoto hawezi kubebeshwa mzigo huo. Na mkalimani akiwapo, mtazame mgonjwa, useme naye. Usiseme "mwambie hivi". Yeye si mgeni katika ugonjwa wake.

Kumwita kiziwi, punga mkono mahali atakapouona, mguse begani, gonga meza taratibu, au washa na kuzima taa. Usimrushie kitu. Ukitaka kuandika, andika sentensi fupi, kwa maana kwa wengi Kiswahili na Kiingereza ni lugha za pili au za tatu, na kukosea kuandika si kukosa akili. Simu imesaidia sana. Ujumbe mfupi na M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, vilimwezesha kiziwi kupanga biashara na kutuma pesa bila kumwomba mtu amsemee. Kwa hivyo ukiwa na mteja au mpangaji kiziwi, usimpigie simu halafu ulalamike kwamba hapokei. Mwandikie.

Nanyi wanafunzi mnaopanda matatu zenye muziki wa kutingisha viti, na kuziba masikio kwa spika ndogo hadi usiku, masikio hayaoti upya. WHO inashauri mtu asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua upesi. Mlio unaobaki masikioni baada ya kushuka ni onyo.

Msomaji mpendwa, juma hili nakupa kazi moja ndogo. Chagua jioni moja. Zima televisheni wakati wa chakula, mketi mkitazamana, na mmoja aseme kwa wakati. Kisha muulize yule ambaye kwa kawaida hunyamaza, awe ni mtoto au ni nyanya, jioni hiyo aliionaje. Ngoja jibu lake bila kumharakisha. Huenda ukasikia mambo ambayo hukuwahi kuambiwa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.